Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: taya ya mtoto sio jino kila siku

Shikamoo daktari. Mimi nauza dagaa tu hapa Kirumba, udaktari sijasoma, ila nimekaa wodini na mpwa wangu wa miaka 6 mpaka haya majina nimeyazoea.

Ilianza kama jino. Shavu likavimba, zahanati moja huko Ukerewe wakampa antibayotiki, halishuki, wakang'oa jino, wiki iliyofuata wakang'oa lingine, na dada anawaambia meno yanacheza hata akiyagusa na ulimi, kijiko cha uji chenyewe hakipiti. Tukavuka kuja mjini, kikachukuliwa kinyama cha kupima, majibu tukasubiri siku 19. Burkitt, saratani ya seli za kinga.

Sasa hii si ngeni kwetu, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliiandika 1958 akiwa Uganda hapo jirani, na inapenda kwenye malaria ya mwaka mzima kama huku ziwani. Nilivyoelezwa, kipande cha kromosomu namba 8, moja ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, kinakatika kinaenda kuungana na namba 14, basi jeni ya MYC inayoiamrisha seli igawanyike, ambayo kawaida iko kwenye mgao, inajikuta imechomekwa kwenye laini isiyokatika umeme. Ndo maana uvimbe unaweza kuwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili tu. Siku 19 daktari, piga hesabu mwenyewe.

Na kinachouma zaidi, huu unaokimbia hivi ndo unaosikia dawa, sababu dawa zinaivizia seli ikiwa inagawanyika. Alianza saiklofosfamaidi, dawa ya zamani wala sio ya maajabu, pamoja na madripu ya maji mengi maana seli zikifa kwa mkupuo figo zinaelemewa, siku ya nne shavu limelegea anadai sato!

Ninachoomba, toa waraka kwa zahanati zote, mtoto mwenye taya imevimba na meno yanacheza asing'olewe, apewe rufaa siku hiyohiyo. Na vinyama vya hawa watoto visipangwe foleni moja na vingine, hata ile sindano ya kunyonya seli ikiangaliwa mapema kwenye hadubini watu wangeshtuka.

Yale meno mawili dada aliyafunga kwenye pindo la kanga akaja nayo. Daktari wa meno wa huku kayageuza geuza, akasema yote mazima.