Wiki ya kufunga shule isipotee bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze wiki ya mwisho kabla ya likizo ya majira ya baridi katika darasa la pili anakosoma mwanangu hapa Minnesota, Marekani. Nilidhani kwamba, kama ilivyokuwa kwetu Tanga, wiki hiyo ni ya kudeki madarasa na kusubiri ripoti. Kumbe asubuhi moja watoto walijaza theluji kwenye chupa pana hadi sentimita 20, wakaiweka dirishani, na kabla ya kurudi nyumbani wakapima maji yaliyobaki: sentimita 2 tu, tena yenye vumbi. Mwanangu alishikilia kwamba kuna aliyeyanywa. Nawashauri walimu wetu nao waitumie wiki hiyo, kwani mvua za vuli zikinyesha, kopo na rula vinatosha.

Mzazi,
Minneapolis, Marekani