Vyama vya ushirika vilinde taarifa zetu zilizo kwenye wingu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloninyima raha tangu msimu uliopita wa kahawa. Chama cha ushirika ambacho mimi ni mwanachama, hapa wilayani Rungwe, kiliachana na madaftari na kuanza kuhifadhi orodha ya wakulima kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa njia ya intaneti. Sipingi hatua hiyo hata kidogo, kwa sababu daftari la zamani lililowa mvua ghalani na baadhi yetu tukakosa uthibitisho wa kilo tulizopeleka.

Kilichonishtua ni kuona orodha hiyo, yenye majina, namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa), za simu na za akaunti za benki, imetumwa kama kiungo kwenye kundi la WhatsApp, na kiungo chenyewe kinamfungukia yeyote anayekipata bila kudaiwa nywila. Nilipofuatilia, nilikuta makarani wote wanatumia nywila moja, na mmoja aliyeacha kazi zamani bado anaweza kuingia.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Wazee wetu kadhaa wameufanya mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya fedha zao za simuni ili wasiisahau, kwa hiyo aliyeishika orodha ile ameshika jina, simu na pa kuanzia kubahatisha. Jambo hili linaniuma, kwani hao ndio waliotuamini walipoombwa vitambulisho vyao.

Viongozi walinijibu kwamba ulinzi ni kazi ya kampuni ya wingu. Hapana. Kampuni hulinda majengo, mitambo na programu zake, lakini nani aruhusiwe kufungua faili huamuliwa na mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na achukue hatua za kuzilinda, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi, ambako kompyuta nyingi za wingu ziko.

Naviomba vyama vyetu vifunge viungo vilivyo wazi, vimpe kila karani akaunti yake yenye uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kama namba inayotumwa kwenye simu yake), na vifute ruhusa ya anayeondoka siku hiyohiyo. Namba za NIDA na za benki zifichwe kwa msimbo, yaani zigeuzwe zisisomeke bila ufunguo, kabla hazijapakiwa. Tume nayo naisihi ifike Tukuyu, Kyela na Mbarali, ikae na makarani wenyewe mbele ya kompyuta zao, kabla uandikishaji wa wanachama wapya haujaanza.

Mkulima wa kahawa,
Tukuyu, Mbeya