Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wenzangu,

Ahsanteni kwa kufika. Kabla sijaingia kwenye mambo ya chama, niwape kwanza habari za kule Kuba, tulikosoma wengi wetu, maana najua ndizo zilizowatoa wengi wenu nyumbani asubuhi hii.

Tarehe 18 Oktoba mtambo wa kufua umeme wa Antonio Guiteras, ulioko Matanzas, ulizimika ghafla na Kuba nzima ikaingia gizani. Mafundi wakiwa bado wanahangaika, kimbunga Oscar kikapiga Guantánamo. Tarehe 6 Novemba kikaja Rafael upande wa magharibi na gridi ya umeme ikaanguka tena. Siku nne baadaye ardhi ikatetemeka kusini-mashariki, kwa kipimo cha 6.8. Yote hayo ndani ya mwezi mmoja.

Nina rafiki Matanzas niliyesoma naye darasa moja. Nilimtafuta siku tano, simu haiiti. Aliponipata mwenyewe, alinisimulia jinsi nyama iliyokuwa kwenye majokofu ilivyotolewa yote usiku mmoja, ikapikwa kwa mkaa barabarani, mtaa mzima ukala, kwa kuwa kesho yake ingekuwa imeoza. Nilicheka naye. Kisha akashusha sauti, akaniambia mwanawe wa pili naye ameshaondoka nchini.

Hapo pana ubishi wetu mkubwa wa mwaka huu, na sitaupita pembeni. Mwezi Julai, Bunge la Kuba lenyewe liliambiwa kwamba idadi ya watu imeshuka hadi kama milioni 10 tu. Wapo kati yetu wanaosema tusilizungumze jambo hilo mbele ya wageni, tutaonekana tunaisema vibaya nchi iliyotusomesha bure. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Vikwazo vya Marekani ni vya tangu 1962 na vinaumiza kila siku. Tarehe 30 Oktoba nchi 187 zilipiga kura Umoja wa Mataifa kutaka viondolewe, mbili tu zikapinga. Hilo tutalisema popote. Ni kweli vilevile kwamba mageuzi ya sarafu ya Januari 2021 yalipandisha bei hadi mshahara wa mwalimu ukakosa maana, na kwamba vijana walioingia barabarani kuandamana tarehe 11 Julai mwaka ule, kuanzia San Antonio de los Baños, wengine wangali gerezani hadi leo. Rafiki wa kweli hulia na waliobaki, na waliofungwa, na waliokwenda pia. Huo ndio msimamo wangu, na kamati imekubali uandikwe kwenye kumbukumbu.

Kikao kilichojaza watu kuliko vyote kilikuwa cha Aprili, tulipokumbuka usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Kongo, na kikundi cha wapiganaji wa Kuba kuwasaidia waasi wa huko. Wengi wanakijua kisa chenyewe. Kilichowagusa vijana ni majina. Wakuba wale walijificha ndani ya lugha yetu: Víctor Dreke akaitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, naye Che, aliyekuwa mkubwa wao wote, akajiita Tatu. Walipokwisha kuhesabu wakaanza kutaniana. Emilio Aragonés aliyekuwa na mwili mkubwa akawa Tembo, na Oscar Fernández Mell, kwa ukali wake, akawa Siki. Binti mmoja wa sekondari alipoyasoma kwa sauti, ukumbi ulicheka hadi alipofika kwa Freddy Ilanga. Huyu alikuwa kijana wa Kikongo mwenye umri wa miaka 16 aliyepewa kazi ya kumfundisha Tatu Kiswahili. Vita iliposhindwa, Novemba mwaka uleule, alipelekwa Kuba. Akawa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wa watoto, na akakaa miongo mingi bila kuwasiliana na ndugu zake. Alifariki 2005. Binti yule alisimama kidogo kabla ya kuendelea kusoma, nasi tukamsubiri.

Agosti tulikusanyika kumtazama Mijaín López, mwanamieleka wa Kuba, akishindana huko Paris. Alikuwa na umri wa miaka 41, na alikuwa anatafuta dhahabu ya tano mfululizo ya Olimpiki katika mieleka, jambo ambalo hakuna mwanamichezo aliyewahi kulifanya katika shindano moja la mtu binafsi. Akashinda 6–0. Aliyeshindwa naye ni Yasmani Acosta, Mkuba aliyehamia Chile. Kisha López akapiga magoti, akavua viatu, akaviacha katikati ya mkeka kuonyesha kwamba amestaafu. Mzee wetu mmoja aliyesomea ualimu wa michezo Havana alitokwa na machozi waziwazi. Mimi niliyemwaza zaidi ni Acosta: Wakuba wawili kwenye fainali moja, bendera mbili.

Fedha: mhazini atasoma hesabu. Ninaongeza jambo moja tu. Maboksi ya dawa tuliyochanga mwezi Machi yalikaa kwa wakala wa usafirishaji miezi minne, na baadhi ya dawa zikapitwa na muda. Kosa lilikuwa letu pia, kwani hatukuweka mtu wa kufuatilia. Nawaomba radhi waliochangia. Safari hii dawa zitabebwa na msafiri, kidogo kidogo, kila boksi na jina la anayelisimamia.

Waliosoma kule miaka ya 70 na 80 wanapungua. Mwaka huu tumezika wawili, na mmoja wao alikuwa ameahidi kutusimulia habari za Isla de la Juventud, kisiwa cha Kuba walikosomeshwa wanafunzi wengi wa Kiafrika, ahadi ambayo hatukuifuatilia kwa wakati. Kuanzia Januari katibu msaidizi atapita nyumba kwa nyumba na kinasa sauti. Tafadhali tafuteni picha, barua, hata daftari za darasani, mziweke karibu na mlango. Ataanza Temeke, kisha Kinondoni, na kikao cha kwanza cha kuzisikiliza sauti hizo kitakuwa tarehe 28 Januari, siku aliyozaliwa José Martí, mshairi na shujaa wa uhuru wa Kuba, saa kumi jioni, hapahapa.