Hiyo klachi inayolia, usishushe giaboksi kwanza

Kaka mambo vipi,

Meseji yako nimeiona jana usiku nikacheka, hiyo "inalia kama kuna cherehani chini ya miguu" ndo ugonjwa ulionisumbua mimi mwaka jana kwenye pikapu yangu.

Kabla hujamwita mtu fanya hivi. Washa gari, weka fri (gia yoyote isiwe imeingia), toa mguu kabisa kwenye klachi usikilize, halafu kanyaga taratibu mpaka chini usikilize tena. Kama kelele inakuja ukikanyaga na ukiachia inapotea, mshukiwa wa kwanza ni rilisi beringi, ile inayosukuma klachi iachie ukikanyaga. Kama ni kinyume, yaani inalia ukiwa umeachia na ukikanyaga inanyamaza, hiyo sio klachi, ni beringi ya shafti ya giaboksi, maana ukikanyaga, pleti ya klachi inaachana na flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini) na ile shafti inasimama. Na zima gari ukanyage pia, kama bado inafanya kwii kwii basi ni bushi za pedeli au ile foku inayosukuma rilisi beringi imekauka grisi, usije ukashusha giaboksi kwa kitu cha kupaka grisi. Fundi wangu wa kwanza hakujaribu hata kimoja, kasikia tu kasema klachi imekwisha, na mimi nikamkubalia! Bahati siku ile hakuwa na jeki ya giaboksi.

Yangu ilikuwa rilisi beringi kweli. Tulivyoitoa nikaizungusha mkononi, inakwaruza kama imejaa mchanga, na upande mmoja imebadilika rangi kuwa ya bluu kwa moto, halafu nyuma ya presha pleti, ile inayobana pleti kwenye flaiwili, vile vidole vyake vimelika vimeng'aa kama kijiko. Kosa ni langu, nina tabia ya kuegesha mguu kwenye klachi huku naendesha, kumbe muda wote beringi inazunguka na mzigo. Wewe pia unafanya hivyo, nimekuona, usibishe.

Ukishafungua badilisha vyote vitatu, pleti, presha pleti na beringi, hata kama pleti inaonekana ina maisha, kwa sababu kazi yenyewe ni kushusha giaboksi na hakuna anayetaka kuishusha mara mbili. Mwambie fundi aangalie na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, wengi wanaisahau. Beringi mpya msiioshe na petroli, itatoa grisi ya ndani. Kwenye meno ya shafti paka grisi kidogo sana, ikizidi inarukia pleti na klachi itaanza kuteleza. Pleti ikae katikati kabla ya kukaza presha, na bolti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, na giaboksi isiachwe ining'inie kwenye shafti, hapo ndo pleti mpya inapinda hata hujaiendesha. Sisi ilitutoa jasho nusu saa kwa kutoiweka katikati vizuri, shafti inagoma kuingia, kila mtu anamlaumu mwenzake.

Na usiingie chini gari likiwa juu ya jeki tupu, weka stendi, toa na waya wa betri.

Fanya hilo jaribio la fri kesho asubuhi halafu nirekodie sauti zote mbili, ya kuachia na ya kukanyaga, unitumie. Kama ni ile ya shafti nitakuja mwenyewe, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Ni mimi kaka yako