Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania: kitabu cha Kiingereza kianzie kwenye Kiswahili cha mtoto

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Elimu Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: VITABU VYA KIINGEREZA KWA SHULE ZA MSINGI ZA SERIKALI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Miaka kumi na tano iliyopita nilimwita mtoto wa darasa la tatu mbele ya ubao. Kitabu tulichokuwa nacho, cha mchapishaji mmoja binafsi ambaye sina haja ya kumtaja, kilikuwa na picha ya saa ya ukutani: mshale mfupi kwenye 7, mrefu kwenye 12. Nikamuuliza kwa Kiingereza ni saa ngapi. Akajibu bila kusita, “It is one o'clock.” Darasa zima likamuunga mkono.

Watoto wale hawakuwa wajinga. Mshale ukiwa pale, kila mmoja wao ameshaamshwa na mama yake kwamba ni saa moja, awahi shule. Alichofanya yule mtoto ni kulipeleka neno lake kwenye Kiingereza jinsi lilivyo. Wala kwenye ukurasa ule wala kwenye kiongozi cha mwalimu hapakuwa na mstari hata mmoja wa kueleza kwamba Waingereza huanza kuhesabu saa zao usiku wa manane na adhuhuri, ilhali sisi tunaanza jua linapochomoza na linapozama. Kipindi kikaisha tumekwama.

Jioni ile nikakata boksi la sabuni, nikachora uso wa saa, nikabana mishale miwili kwa pini. Kesho yake nikawaachia watoto waigeuzegeuze wenyewe. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akaona jambo ambalo mimi, na cheti changu cha ualimu, sikuwahi kuliona: mshale mfupi ukionyesha 7, namba inayotazamana nao upande wa pili ni 1. Ukionyesha 10, ng'ambo yake ni 4. Mshale unasoma saa ya Kiingereza, mkia wake unasoma saa ya Kiswahili. Tangu siku hiyo nafundisha saa hivyo, na dakika ishirini zinatosha.

Nimeanza na saa kwa sababu ndani yake mna ombi langu lote. Mtoto haji darasani mtupu. Anakuja na lugha kamili kichwani: ana namna yake ya kuhesabu saa, ya kukubali na kukataa, ya kumtofautisha shangazi na mama mdogo. Kitabu cha Kiingereza kikiandikwa kana kwamba lugha hiyo haipo, mwalimu anaachwa peke yake na mambo ambayo mwandishi angeyaona mapema akiwa bado mezani kwake.

Tuseme wazi, Ndugu Mkurugenzi: kwa mtoto wa kijijini kwetu hapa Lindi, Kiingereza ni lugha ya kigeni. Hakisikii sokoni, hakisikii kwenye mnada wa korosho, hakisikii nyumbani. Akitoka mlangoni mwa darasa, ndiyo basi mpaka kipindi kijacho. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, nami ni tunda la shule hizo na ninajivunia. Sekondari ndiko lugha inakogeuka. Tume ya Rais ya elimu, iliyoongozwa na Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili, na serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima na kukuta Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakina nguvu ya kubeba masomo mengine. Mjadala wa lugha ya kufundishia nauacha leo, ingawa nina upande wangu. Maadamu kidato cha kwanza kinaanza kwa Kiingereza, kitabu cha msingi ndicho alichonacho mtoto wangu cha kumvusha.

Kila tunaposema kitabu kiwe cha kwetu, mchoraji huambiwa achore minazi na ngalawa, na John anageuzwa kuwa Juma. Ni vizuri, watoto hufurahi kujiona. Ila Juma anaweza kuvua dagaa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kitabu kikabaki cha mtu asiyejua mwanafunzi wake anazungumza lugha gani.

Chukua hili la kukubali na kukataa. Namuuliza mtoto, “Hujala?” Ananijibu, “Ndiyo, sijala.” Anakubaliana na nilichosema, na ndivyo tunavyoongea. Kwa Kiingereza, mwenye njaa akiulizwa hivyo anapaswa kujibu “No”, na akisema “Yes” anayemuuliza anaelewa kwamba ameshiba. Ni kosa dogo kwenye daftari, lakini mbele ya daktari anayeuliza kama hujameza dawa ni jambo kubwa. Zoezi lake ni jepesi kuandika: maswali kumi ya namna hiyo, watoto wawili wawili, majibu ya lugha zote mbili yakiwa bega kwa bega.

Au chukua “yeye”. Kwetu mama ni yeye, baba ni yeye, na hakuna anayepotea. Mtoto akianza Kiingereza, mama yake anakuwa “he” mwaka mzima, na mwalimu anaandika kosa lile lile kwenye madaftari themanini. Zoezi la kujaza nafasi halitibu hili. Linatibiwa kwa kusikia na kusema mara nyingi, kwa mchezo wa kuonyeshana vidole darasani, kwa hadithi yenye dada na kaka wanaofanya mambo tofauti. Kuna na “kusikia” kwenyewe: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi na njaa. Nimesahihisha “I hear cold” nisizoweza kuzihesabu. Kuna mkono, ambao kwa Kiingereza lazima ukatwe vipande viwili, na mguu vilevile. Kuna kile kiambishi chetu cha “-ni”: mezani, nyumbani, mtini, kimoja tu, na Waingereza wanadai maneno matatu. Kuna irabu zetu tano, zinazofanya “cat”, “cut” na “cart” ziingie sikio moja la mtoto kama neno moja.

Mwalimu yeyote mwenye miaka mitano kazini anaweza kukuandikia orodha kama hii kabla chai haijapoa. Orodha hiyo ndiyo ingekuwa mifupa ya kitabu. Yale ambayo Kiswahili kinamsaidia mtoto yapite haraka. Mpangilio wa mtendaji, kitendo na kitendwa, kwa mfano, anao tayari tangu nyumbani. Kurasa zibaki kwa ajili ya pale lugha mbili zinapogongana.

Jambo la pili ni maneno kurudi. Nilipojiendeleza nilisoma habari za Michael West, Mwingereza aliyefanya kazi Bengal, huko India ya wakati huo, miaka ya 1920. Aliona vitabu vya kusomea vikiwamwagia watoto maneno mapya kwa wingi kiasi kwamba hawawezi kusoma. Akaandika upya: maneno mapya machache, tena neno likishaingia linarudi na kurudi. Baadaye, mwaka 1953, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi. Karibu miaka mia imepita tangu kazi yake ya Bengal, na bado nimewahi kupewa kitabu chenye maneno ishirini mapya kwenye ukurasa mmoja wa matunda na wanyama, halafu hayaonekani tena mpaka jalada la nyuma. Mtoto anayasoma Jumatatu, Ijumaa hayapo. Mwandishi akiwa na jedwali la maneno pembeni, akaweka alama kila neno linaporudi, ataziona tundu zake mwenyewe.

Sasa nikuonyeshe darasa lenyewe, kwa sababu kitabu kinaishi humo. Nina wanafunzi 84. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa yamejaa, na ni neema, maana waliokuwa wanabaki nyumbani wamekuja. Wanakaa wanne kwenye dawati, kitabu kimoja wanafunzi watano. Anayekishika anasoma wima, wa pembeni wanasoma kwa shingo, na wa mbele yake anasoma kichwa chini. Umeme upo ofisini kwa mwalimu mkuu. Zoezi linalosema kila mwanafunzi aandike kitabuni siliwezi. Zoezi linalotaka makundi ya watu wanne wazunguke darasani siliwezi pia, hakuna pa kupita. Ninachoweza ni wimbo, kuitikiana safu kwa safu, mazungumzo na jirani wa dawati, kadi za maboksi, vifuniko vya soda, na picha kubwa nikiwa nayo. Picha tano kubwa za kutundika ukutani, zenye maandishi yanayosomeka kutoka dawati la mwisho, zingenifaa kuliko picha hamsini ndogo zilizobanwa kwenye kurasa.

Hapa ndipo penye ombi zito zaidi: kitabu kijaribiwe kabla ya kuchapwa. Mwaka 2013 kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC, ilivunjwa, na kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikaja kwenu. Mwaka 2017 wabunge walijadili kwa uchungu makosa yaliyokutwa kwenye vitabu vipya. Naamini tangu hapo macho ya wahariri yameongezwa. Lakini kitabu kisicho na kosa hata la nukta kinaweza kushindwa darasani vilevile, na hilo mhariri haoni. Linaonwa na mtu aliyekaa nyuma ya darasa na daftari, anayeandika: hapa watoto walinyamaza, hapa mwalimu aliruka, hapa dakika arobaini hazikutosha.

Na hili si geni kwenu. Muongo uliopita Taasisi yenyewe ilishirikiana na vyuo vikuu vya Dodoma, Mtakatifu Yohana, Aga Khan na Bristol kuandaa vitabu vya majaribio vya kidato cha kwanza vya Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Sentensi zilikuwa fupi, picha zilifanya kazi, maneno magumu yaliwekewa Kiswahili chake, na mwanafunzi aliruhusiwa kujadili kwanza kwa lugha anayoijua. Vilijaribiwa katika shule za vijijini za Dodoma, Morogoro na huku kwetu Lindi. Njia hiyo mnaijua. Naomba ishuke mpaka shule ya msingi, na iwe desturi ya kila kitabu, hata pasipo mfadhili. Vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, vipo, walimu tunakutana; tupeni sura mbili za rasimu kila muhula tuzifundishe, tuzirudishe zikiwa zimechorwachorwa.

Kiongozi cha mwalimu nacho kiongee na mwalimu kwa Kiswahili pale anapoelezwa afanye nini na kwa nini. Wengi wetu Kiingereza tulikipata katika madarasa haya haya, na kukiri hivyo hakutupunguzii hadhi. Mwalimu akielewa vizuri sababu ya zoezi, atalifundisha kwa Kiingereza chake chote alichonacho. Maktaba Mtandao yenu nimeitumia na nawashukuru. Mngeweka humo na sauti: kila mazungumzo ya kitabuni yasomwe taratibu na walimu wa Kitanzania, faili fupi za kupakuliwa kwenye simu. Walimu wa rika langu tunakumbuka vipindi vya shule vya Redio Tanzania, jinsi darasa zima lilivyotulia kuizunguka redio moja.

Mtaala ulioanza Januari 2024 umerudisha Kiingereza darasa la kwanza, na kwa kuwa elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, mwaka 2027 wa darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Watoto hao wamepita mikononi mwangu, nawajua kwa majina, na baadhi yao bado wananiambia mama yao ni “he”.

Likizo ya Juni nitakuwa na wiki nne. Mkiita walimu wa kukaa na waandishi, nauli ya basi kutoka Lindi nitajilipia. Nitakuja na madaftari ya makosa ya miaka kumi na tano, niliyoyapanga kwa aina, pamoja na ile saa ya boksi. Pini yake imelegea kidogo, ila mishale bado inazunguka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Kiingereza, darasa la tatu,
Mkoa wa Lindi.