Barua kwa nyie mnaotununulia pampasi

Wanangu, niliowazaa na wa ndugu zangu, na nyie wengine wote mnaotunza wazazi,

Hili jambo nimekaa nalo wiki mbili nikasema basi ngoja lipite, limekataa kupita, kwa hiyo leo mtanisoma tu, na atakayekasirika akasirike.

Kaka yangu alifanyiwa upasuaji wa tezi dume. Tangu hapo mkojo unamtoroka kidogo, akikohoa, akicheka, akiinuka kwenye kiti. Ni kawaida baada ya upasuaji ule na kwa wengi hali inapungua kadiri miezi inavokwenda. Sasa siku hiyo tumekaa ukoo mzima, wazee, wakwe, vitoto vinakimbia, mwanawe kaingia na mfuko unaoonyesha kila kitu, ndani paketi kubwa kama mto wa kulalia, kaibwaga mezani katikati ya vikombe afu kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa: "Mzee, nimekuletea pampasi zile kubwa kabisa, leo huvuji!"

Kuna mtoto alicheka. Kaka naye akatabasamu, lakini mie nilikuwa karibu yake, niliona alivyoushika mkono wa kile kiti.

Akaenda kuvaa, angefanyaje. Kurudi nikamsikia kabla sijamwona, kwachakwacha, kwachakwacha, plastiki inasugua suruali kila hatua, na watu wakaanza kuongea kwa nguvu ili waonekane hawasikii. Akakaa. Alipoinuka kumsindikiza mgeni suruali ina alama ndani ya paja la kushoto. Yani ile kubwa kabisa ndo imevuja! Kuanzia siku hiyo hatoki nje. Ukimpigia anasema miguu inauma.

Huyo kijana simtaji na sisemi ana roho mbaya, hela yake katoa, mwendo wa kwenda dukani kaenda. Ila upendo wa kumvua mtu nguo mbele za watu mie siujui.

Kwanza hilo neno lenyewe. Pampasi ni ya mtoto. Mtu aliyekufundisha wewe kwenda choo unamwambia eti "njoo nikubadilishe pampasi" kwa sauti ile ile mnayobembelezea vichanga, unategemea akujibu nini? Iite nguo ya ndani, iite kinga, au muulize mwenyewe anataka iitweje. Kaka yangu anaiita koti. "Dada, leo sijavaa koti," na mimi naelewa, aliyekaa pembeni haambulii kitu.

Na kabla hamjasema shangazi anaongea asiyoyajua, niwaambie. Mimi navaa. Mwaka wa sita huu. Nimezaa watoto wanne na umri nao umekuja, nikipiga chafya mambo yanaharibika. Mmekaa na mimi kwenye harusi, mmenipakatisha watoto wenu, nimecheza na nimecheka, nani kati yenu alijua? Hamna. Kwa sababu nilichagua mwenyewe, nikajaribu mwenyewe, na sikutangaziwa.

Sasa saizi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo ugonjwa wenu nyote, mnadhani ikiwa kubwa itabeba zaidi. Haibebi zaidi, inaacha mwanya kwenye mapaja na mkojo hausubiri kunyonywa, unapita pale penye mwanya. Mimi nilichukua futi ya cherehani nikampa kaka ajipime chumbani kwake: kiuno 88, nyonga 96. Paketi ile imeandikwa inaanzia sentimita 120! Mnapima kiuno, mnapima nyonga pale palipojaa, namba iliyo kubwa kati ya hizo mbili ndo mnayoifuata kwenye jedwali la nyuma ya paketi, na kila kampuni ina jedwali lake, saizi ya kati ya huyu siyo ya kati ya yule. Uzito wa mwili pekee hautoshi. Ikishavaliwa, pitisheni kidole kwenye mapaja, vile vikunjo vyenye mpira vinatakiwa vitazame nje na vilale kwenye ngozi, vikijikunja ndani inavuja hata kama saizi ni sahihi. Ikiacha michirizi myekundu inayokaa, ni ndogo.

Na tena kaka hakuhitaji lile dude. Mtu anayevuja matone mchana, mpe kinga ya matone. Kwa wanaume kuna kinga ndogo yenye umbo la kikombe, inagandishwa kwa mbele ndani ya boksa ya kubana, basi, maana mwanaume analowana mbele na mwanamke katikati, ndo maana zinatengenezwa tofauti. Anayeshindwa kuwahi choo, ile ya kuvuta kama chupi. Ya gundi pembeni ni ya asiyeweza kusimama, msimvalishe mtu anayetembea na miguu yake kwa sababu nyie mmeona ni rahisi kwenu. Na siyo lazima ya mchana iwe ya usiku.

Kuhusu kelele, shikeni kabla ya kununua nyingi. Ya nje ya kitambaa hailii, ya nje ya plastiki inalia. Nunueni paketi ndogo kwanza, avae, akae, ainame, apande ngazi, afu aseme mwenyewe. Zile mililita zilizoandikwa ni za maabara, wanaichovya kwenye maji ikiwa wazi, mtu akiikalia inabeba pungufu ya hapo. Ndani mna chembechembe zinazokunywa maji zikawa kama uji mzito, hizo ndo zinashika unyevu usirudi kwenye ngozi, kwa hiyo unene siyo kipimo, kuna nyembamba zinazoshinda godoro.

Mengine nayataja tu, mmekua:

Pedi ya hedhi siyo ya mkojo, mkojo unakuja kwa kishindo.
Msipange mbili, ya juu ina plastiki chini, haipitishi kitu kwenda ya pili.
Ya kuvuta inachanwa pembeni ikivuliwa, haishushwi miguuni na uchafu wake.
Ngozi ioshwe, ikaushwe kwa kugusagusa, mafuta ya kukinga kidogo tu, yakizidi yanaziba kinga isinyonye.
Za kufua zipo na ni nzuri kwa matone, msitie dawa ya kulainisha nguo, inaharibu unyonyaji.
Choo hakimezi hivi vitu, vifungwe, vitupwe kwenye pipa.
Msimnyime maji! Mkojo mzito unachokoza kibofu, na mzee anakauka. Kupunguza saa chache kabla ya kulala sawa, chai kali na kahawa jioni ziacheni.

Na jamani siyo kila anayevuja ni uzee. Sukari inafanya hivo, choo kigumu kinafanya hivo, maambukizi ya mkojo, hata vidonge vya presha vile vya kukojoza. Mtu akianza ghafla, au ana maumivu, au damu, au anahisi mkojo hauishi kwenye kibofu, hiyo siyo ya dukani, apelekwe kwa daktari. Na wanawake wanaochuruzika mchana na usiku baada ya uzazi mgumu, ile inaweza kuwa fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo, na inashonwa, lakini wanafichwa ndani miaka na miaka, na hapo mie nalia na jamii yote, maana tuna maneno mia ya kuwacheka na hatuna hata moja la kuwaambia nenda hospitali.

Mazoezi pia. Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliyaandikia mwaka 1948 na mpaka leo wanafundisha. Unakaza pale chini kama unazuia upepo na mkojo kwa pamoja, pumzi usiizuie, matako uyaache, unahesabu tano unaachia, mara kumi, asubuhi mchana na usiku. Wiki moja hutaona kitu. Miezi mitatu ndo uje unilalamikie.

Afu kitu kimoja kinanikera mpaka leo. Ingia choo cha wanaume popote pale umuulize kaka: pipa la kutupia lipo? Vingi hamna. Wamejenga kama vile mwanaume havuji. Sasa mtu anabeba koti lililolowa mfukoni mwa jaketi mpaka nyumbani, na nyie mnashangaa kwanini hataki kutoka. Mwekeeni kamfuko keusi kenye mawili ya akiba, karatasi laini na mfuko wa kufunga, suruali ya rangi iliyokoza, na mkienda mahali mmoja wenu atangulie kimya kimya ajue choo kiko wapi, siyo kumuuliza "baba umeshikwa?" mbele ya kadamnasi.

Zile kubwa tumempa mtu ambaye zinamtosha. Jumapili kuna kikao kingine cha ukoo, nimewaambia waliopanga viti wamwekee cha karibu na mlango bila kusema ni cha nani. Asubuhi hii kaka kaniandikia ujumbe, maneno matatu tu.

"Nimevaa koti, nitakuja."

Shangazi yenu.