Deni lisilo na karatasi: barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Namba yangu umeifunga, na ya mwanangu nayo, basi nakuandikia hapa. Najua unapita kusoma hata kama husemi. Watakaotukuta wakisoma nao wasinisumbue, mimi nazungumza na wewe.

Kwanza hongera ya kazi. Nimezipata habari kwa watu, si kwako, lakini furaha haikupungua. Nilimwambia hata muuza maandazi wa pale kona. Baba angechinja.

Ya pili ni ile siku ya hitima.

Mabirika ya kahawa yalikuwa yanazunguka barazani, nawe ukasimama kama ipasavyo mtoto wa kiume, ukatangaza: mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Ulisema vizuri. Mimi nilikuwa dirishani na wanawake wenzangu, nikasema moyoni, baba kazaa. Ndipo fundi cherehani akainua mkono. Hakusimama, magoti yake unayajua. Akasema ile nauli yako ya ndege aliikopesha yeye, na baba alimpa neno. Kiasi hakukitaja mpaka ulipomwuliza. Ukamwuliza iko wapi karatasi. Akakujibu kwamba yeye na mzee hawajawahi kuandikiana tangu ujana wao. Ukamgeukia binamu yetu, ukatabasamu, ukamwambia kwa Kiingereza kwamba hiyo ni "debt of honour" tu, yaani deni la heshima.

Hiyo "tu" yako sijaimeza hadi leo. Fundi hakufahamu ulichosema, ila tabasamu aliliona. Akaushusha mkono, akaomba kahawa.

Sasa nisikilize, maana Kiingereza nimekifundisha tangu ujana mpaka nastaafu, na herufi zako za kwanza ulizipata kwenye kanga yangu nikikubeba. Maneno yale hayasemi ulichotaka yaseme. Waingereza waliyatumia hasa kwa deni la kamari. Mabwana wa London walikesha mezani wakicheza karata, na aliyeshindwa alitoa neno lake kwamba atalipa. Sheria ya kamari ya mwaka 1845 ikaja kusema wazi kwamba deni la dau halidaiwi mahakamani, na likakaa hivyo mpaka ikatungwa sheria nyingine mwaka 2005. Basi deni hilo lilikuwa halina hakimu. Na kwa kuwa halina hakimu, bwana alilipa hilo kabla ya mengine yote! Mwenye hati angeweza kwenda kushtaki, asiye na hati alikuwa na neno lako basi.

Husimuliwa kisa cha Charles James Fox, mwanasiasa wao aliyekufa mwaka 1806, mcheza kamari asiye na mfano. Mdai mmoja alimkuta anahesabu dhahabu, akamwonyesha hati yake. Fox akamwambia fedha hizi ni za fulani, hana hati yoyote, likinipata la kunipata hana pa kwenda. Yule mdai akaitupa hati yake motoni, akasema, na langu sasa ni deni la heshima. Akalipwa palepale. Kama kisa kimetiwa chumvi, kitiwe. Kilipendwa kwa sababu kila msikilizaji aliielewa kanuni.

Halafu wewe ni mtu wa sheria! Wale mawakili wenu wa Uingereza wavaa mawigi hawakuwa na haki ya kumshtaki mteja kwa ada yao. Ilihesabiwa kuwa "honorarium", kitu anachopewa mtu kwa heshima, na mahakama ikalikazia hilo mwaka 1863. Kanuni haikufutwa mpaka sheria ya 1990. Watu wamejenga majumba kwa fedha zisizodaiwa. Mbona hukumtabasamia mmoja wao?

Siku ile ulileta pia aya ya 282 ya Al-Baqara, kwamba madeni yaandikwe. Kweli, yaandikwe. Ungegeuza jicho kidogo tu ukafika 283: mkiaminiana, aliyeaminiwa aitekeleze amana yake.

Lakini kuna jambo linaloninyima usingizi, nalo sikulisema siku ile. Mabwana wale wale waliokimbilia kulipa kamari asubuhi walimwacha fundi wao wa nguo akisubiri hata miaka. Fundi alikuwa na daftari, alikuwa na haki mahakamani, ila hakuwa bwana mwenzao. Heshima yao ilizunguka mezani kwao, mlangoni haikutoka. Sisi wa pwani tusicheke, uungwana wetu nao ulianza kwa kumhesabu nani si mtumwa. Basi nimejiuliza kama neno lile wewe hukulikosea hata kidogo. Ungedaiwa na binamu ungelipa jioni ileile. Mdai alikuwa mzee wa cherehani wa Ngamiani, mwenye kanzu iliyofifia, aliyekushonea na lile koti ulilosafiria. (Koti lenyewe kama lililipwa sijui. Sijauliza, naogopa jibu.)

Wanasema nilikuaibisha kwa kupaza sauti dirishani. Shangazi anasema mwanamke hasemi barazani. Ningefanyaje? Ningengoja watu waondoke, ungeniambia tutazungumza, na kesho yake ulikuwa na ndege. Nilisema maneno mafupi, kwamba deni lipo na mimi ni shahidi, kwa sababu nilikuwapo jikoni baba aliporudi na zile fedha ndani ya gazeti. Mtu akisema aliyoyaona amekosa nini? Na ungeniacha hapo tungepatana. Wewe ndiye uliyenijibu mbele ya wageni kwamba nina wivu wa safari ambayo sikuipata. Nilikuwa nimeitwa chuo mwaka uleule, unakumbuka, nikabaki. Sikukidai hicho wala sikidai leo.

Nimempelekea fundi sehemu ya kiinua mgongo changu. Akairudisha kwa mjukuu, na ujumbe: "Mwalimu, hukukopa wewe."

Anaumwa macho, hashoni tena. Mwanawe ana duka la simu, namba yake anayo binamu. Mtumie yeye moja kwa moja, usipitishie kwangu, nisije nikaambiwa nimekula. Ukishatuma usinipigie kunieleza. Ila Idi ikifika nipigie, watoto wako wanisalimie, hata kama ni kwa Kiingereza.

Dada yako